Njuga

Raya aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza
wa duka la viatu, akanifunga mwenyewe mkononi,
akasema, "Baba, hii itakutunza."
Kitu cheusi, bapa, kama kigae cha bafuni,
hakina mishale, hakina tiki,
hulala fofofo mpaka ukitikise.
Nikakitikisa. 19:04.
Nikatoa kumi na mbili, nikatoa sita,
nikapata saa moja na dakika nne za usiku,
maana miaka kumi na saba hapa Dundee
bado sijaacha kutoa.

Kazi yangu kusukuma vitanda:
wodini hadi eksirei, eksirei hadi upasuaji,
na usiku, kwa lifti ya nyuma,
hadi kule tusikokutaja jina.
Mikono yote miwili imeshika chuma, haipepei.
Kumbe saa huhesabu mkono, mguu haiujui!
Zamu nzima ya kusukuma
ikaniandikia hatua mia nne na kumi,
kisha ikatetemeka, kwa upole wa mshauri:
Simama kidogo. Umekaa mno.

Kesho yake Sista Moira akaiona.
"Makame, chini ya kiwiko hatuvai kitu."
Nikaivua, nikaivaa mguuni juu ya soksi,
mkanda ukashika tundu la mwisho,
nikawa mcheza ngoma mwenye njuga moja.
Hapo ikalewa hesabu.
Elfu ishirini na tatu! Ikanirushia fataki,
ikanipongeza kwa kukimbia vizuri
siku niliyomkokota mzee wa watu polepole
nisimtoneshe nyonga.

Callum wa stoo aliuliza bei.
Pauni mia mbili na arobaini.
Akapiga mluzi. "Simu yangu hunitajia saa bure."
Sikuwa na jibu. Kila usiku hudai umeme,
kama mgeni asiyekubali kiporo.
Usingizi wangu iliupa alama hamsini na moja,
nami niliamka buheri wa afya
mpaka nilipoisoma.

Siku moja ya Desemba nilimsukuma Bi Elspeth,
miaka tisini na miwili, mwepesi kama foronya.
"Saa ngapi, mwanangu?"
Nikainama, kama nafunga kamba ya kiatu.
15:41. Saa tisa na ushei, alasiri,
na dirishani giza limeshajaa.
Saa ya kwetu ilitungwa na jua linalotimiza ahadi:
likichomoza, hesabu moja.
Hapa jua ni kibarua, wakati wa baridi
huchelewa kuja na huwahi kuondoka.
Nikasimama pale koridoni na saa mbili,
ya mguuni na ya kichwani,
na zote mbili sikuziamini.
"Chai imeshapita?" akauliza.
Bado, nikamwambia.
"Basi mapema," akafumba macho.

Ningeirudisha. Risiti ninayo, droo ya vijiko.

Lakini Mwatima husafisha ofisi za watu usiku,
hujitupa kitandani saa saba, viatu mkononi,
na ile kengele yangu ya zamani
ilikuwa ikimrusha kama aliyemwagiwa maji.
Hii haipigi kelele.
Hunigonga kifundo cha mkono, mara mbili,
kama mtoto anayetaka kusindikizwa chooni.
Natoka chini ya blanketi
na yeye hageuki.

Raya hupiga simu Jumapili.
"Baba, umefikisha lengo?"
Lengo lipi, sijui, namjibu nimefikisha.

Gizani inaniwakia 04:30.
Nne haitoki sita; nakopa kumi na mbili,
natoa, napata kumi na nusu.
Naanza kupapasa soksi.